Amri za Winnie

Winifred Ackroyd, Winnie kwa kifupi, wa kibanda cha chai, soko la Halifax, Uingereza, hampi mtu kikombe bila kumpa na amri. Ukija umenuna: "Changamka, kipenzi!" Ukija na mafua: "Jikaze!" Ukilalamikia mvua: "Inua kidevu!" Kwake kila mtu ni kipenzi, hata fundi wa bomba mwenye ndevu. Mimi nauza vifungo na zipu pembeni yake, na kila siku najiuliza: furaha inaamrishwaje, kama mtoto anavyoamriwa avue viatu? Mbona watu wanatii, wanaondoka wakicheka?

Jumanne moja alikuja mzee mgeni, kofia imelowa, akaagiza chai na mkate wa soseji.

"Changamka, kipenzi!" Winnie akapaza sauti. "Uso gani huo? Unaloliogopa huenda hata lisitokee!"

"Limeshatokea," mzee akajibu. "Jana nimemzika mke wangu."

Uso wa Winnie uliiva kwa aibu mpaka masikioni. Akakataa pesa ya chai, akajificha nyuma, nikamsikia anaosha vikombe visafi.

"Mdomo huu utaniponza, Hilary," aliniambia baadaye. "Simwamrishi mtu tena."

Na kweli akanyamaza. Watu wakawa wanakunywa chai na kwenda zao. Mteja mmoja aliniuliza kama Winnie anaumwa. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi mwenyewe, maana siku zilikuwa ndefu bila kelele zake.

Wiki iliyofuata yule mzee, Norman Sugden, akarudi. Winnie akampa chai na mkate wa soseji, akainamisha kichwa upande, akashusha sauti.

"Karibu, mheshimiwa. Pole sana. Keti popote upendapo."

Norman akaketi, akatua kikombe kwa kishindo, viwiko mezani. "Hata wewe?"

"Mimi nimefanya nini, mheshimiwa?"

"Tangu mke wangu Beryl afariki, mtaa mzima unaninong'oneza utadhani aliyekufa ni mimi. Mwanangu naye hivyo hivyo. Wewe peke yako ulinifokea kama mtu aliye hai. Nimepanda mabasi mawili nije nifokewe, nawe unaniita mheshimiwa!"

Nilidhani Winnie atalia. Akanyakua kitambaa cha kufutia meza.

"Basi toa viwiko mezani kwangu!" akafoka. "Na hiyo kofia inayochuruzika maji, iondoe karibu na siagi! Umelelewa wapi wewe, kipenzi?"

Norman akatoa viwiko upesi, machozi yanamtiririka, akaomba mkate wa pili.