Mashua ya mtambo niliyoichoma mwenyewe, kaka yangu akiwa ndani

Wakuu, asalaam aleikum.

Mimi ni mtu wa zama za Mdachi. Uzi huu umefikaje humu msiniulize. Ila haya yamenipata mwenyewe, na mpaka sasa mwili unanisisimka.

Ni fundi wa kukalafati vyombo, kuziba maungio ya mbao kwa pamba, hapa Kilindoni. Mwezi uliopita tajiri mmoja wa Kiarabu alileta mashua isiyo na tanga, ndani imefungwa chuma kinachonguruma. Pwani nzima ubishi. Huyu anakiita mtambo, yule mashine. Nikajitia mjuzi, nikawaambia mtambo ni chuma kinachokula moto na kusukuma chombo, kama ule wa meli ya makaa.

Wakakubali. Kichwa kikavimba.

Sasa huku kwetu, chombo kikishapwelea ufukoni maji yakitoka, tunakichoma tumbo kwa makuti makavu, wadudu wa mbao wafe, ndipo tupake deheni ya shahamu na chokaa. Lazima mtu akae ndani, viganja juu ya mbao, aseme joto likitosha. Kazi hiyo ni ya kaka yangu Makame. Hajawahi kukosea.

Shemeji yetu Haji ndiye mwendesha mtambo. Asubuhi ile alikuwa anakwenda Chole, akaniambia, "Shemeji, usichome mpaka nirudi niyatoe mafuta. Mtambo huu haukai na moto."

Nikaitikia tu. Moyoni nacheka. Mtambo uogope makuti? Halafu nifundishwe kazi na mtu wa juzi?

Maji yakaanza kujaa, Haji hajarudi. Nikamwambia kaka aingie.

Akauliza, "Haji kasemaje?"

"Hana neno," nikamjibu.

Wakuu, hapo nilisema uongo, na niliusema kwa raha kabisa.

Kaka akaingia, nikawasha makuti. Nilikuwa nimeshatoa pamba kuukuu kwenye maungio ya mbao. Mafuta ya mtambo yaliyovujia ndani yakapenya hapo, yakadondokea makuti. Kufumba na kufumbua mashua yote inawaka.

Nilisimama na mwenge wangu mkononi kama mjinga. Wenzangu ndio waliomvuta kaka. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo uliokuwa ukiwaka.

Haji aliporudi akatazama majivu, akanitazama mimi.

Kaka amepona. Hajamwambia mtu yeyote kwamba aliniuliza.

Jana mkewe alimletea uji wa moto kutoka jikoni. Akalishika bakuli kwa viganja vyote viwili, akatulia nalo, anaongea na mimi habari za kazi. Mkewe ndiye aliyemnyang'anya. Kaka hakuwa amesikia joto lolote.

Nikatoka nje nikalia.

Nilichojifunza: nililijua jina la kitu nikadhani nimekijua kitu. Anayekiendesha akikwambia ngoja, ngoja, hata kama maji yanajaa.

Nanyi wa bandari nyingine, mtambo wa mafuta mliupokeaje? Na mnishauri: nimwambie shemeji, mke wa kaka, ukweli, au ninyamaze kama kaka alivyoninyamazia? Anayetaka kunitukana, uwanja ni wake.