Walitaka Bibi Atoke Eda kwa Ajili ya Filamu

Siku ya pili ya msiba wa babu yangu, bibi aliambiwa atoke eda kwa sababu yeye si mjane. Eti aliachwa zamani, talaka tatu.

Lini? Mwaka 1963.

Ushahidi? Filamu.

Wallahi sitanii. Nilikuwepo, na nikiyakumbuka damu inanichemka mpaka leo.

Naitwa Tufool. Kwetu ni Birkat al Mauz, Oman, lakini Bibi Kaltham na marehemu Babu Hud walizaliwa Unguja, na nyumbani Kiswahili hakijatutoka. Babu alikuja Oman mwaka 1972, akafanya kazi serikalini Nizwa mpaka akastaafu. Majirani wanayajua hayo tu.

Wasichojua ni kwamba kabla ya hapo alikuwa mwigizaji Cairo.

Usifikirie staa. Alikwenda kusoma, bibi akamfuata, watu wa filamu wakamuona barabarani, wakaipenda pua yake na ndevu zake. Filamu kumi na tatu na michezo sita ya televisheni, na katika zote hakuwa mtu mwema hata mara moja. Mlinzi wa jela. Haramia. Mwizi wa ngamia. Mume katili.

"Nimekufa mara kumi na moja," aliniambia siku moja tunakata ndizi shambani. "Mara mbili nimechomwa na jambia lile lile."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kuna mtu mmoja hakucheka na habari zile maisha yake yote. Ami Khattab, mtoto wa babu kwa mke wa kwanza aliyefia Unguja. Aliona aibu baba yake kuonekana kwenye skrini. Baba yangu, Amur, ndiye mdogo wake, mtoto wa Bibi Kaltham, kazaliwa 1966.

Sasa wewe piga hesabu. Filamu ya 1963, baba wa 1966. Umeona ami alikokuwa anakwenda? Mtoto wa haramu hamrithi baba.

Siku ya pili ya msiba, asubuhi na mapema, Ami Khattab akaweka kipande cha filamu kwenye grupu la ukoo. Picha nyeusi na nyeupe. Babu kapiga kilemba, macho kayatoa, anamnyooshea kidole mwanamke aliyekaa mkekani. Sauti nzito inanguruma:

"Anti taliq! Taliq! Taliq!"

Yaani umeachika, umeachika, umeachika.

Mwanamke anainua uso. Bibi yangu! Kijana, mzuri, na hofu imemjaa machoni.

Chini yake Ami kaandika: "Talaka haina mzaha. Ukimtamkia mkeo, hata kwa mchezo, imepita. Mwenye kuelewa ataelewa."



Kwetu wanaume wafiwa husimama mstari kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa kijiji, wenye kuja kuhani wanapita kuwapa mkono. Siku ile Ami Khattab alimgeukia baba mbele za watu, akamwambia, "Wewe nenda kakae na wageni. Mstari huu ni wa watoto wa marehemu."

Baba yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, alirudi nyumbani kashika viatu mkononi. Alikaa jikoni anautazama ukuta, mimi nikamchukia ami yangu kwa moyo wangu wote.

Haikutosha. Mkewe, Hamda, akaingia chumbani kwa bibi, hata salamu hakutoa.

"Bi Kaltham, toka eda. Eda ni ya mke. Wewe umekaa na yule mzee haramu miaka sitini na mbili."

Bibi alikuwa anavuta tasbihi. Hakuinua macho.

"Kishamaliza?" akaniuliza mimi. "Mtilie kahawa."

"Kahawa yako siitaki!"

"Basi usimtilie."

Alasiri, wageni walipopungua, Ami Khattab mwenyewe akaja. Kanzu nyeupe pee, uso kaukunja. Akasimama mlangoni na simu mkononi kama polisi.

"Mama, jibu moja tu. Huyu mwanamke ni wewe, si wewe?"

"Miye."

"Na wakati huo mlikuwa mmeshaoana?"

"Mwaka mzima."

"Khalas!" Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Kakiri mwenyewe."

"Nimekiri kukaa mkekani," bibi akasema. "Mwigizaji wao wa kike aliugua siku ile. Miye nimempelekea mume wangu chakula, yule mkubwa wao akaniambia kaa hapo, usiseme kitu. Nikakaa. Sasa nami nikuulize. Hiyo sauti ya nani?"

"Ya babangu!"

"Baba yako alikuwa na sauti ya ng'ombe lini?"

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia.

"Kiarabu chake kilikuwa cha Unguja," bibi akaendelea. "Akifungua mdomo, wale Wamisri hoi kwa kucheka. Basi filamu zote wakamwambia atikise mdomo tu, sauti anakuja kutia mtu mwengine baadaye, bwana mmoja mnene mla karanga. Baba yako kafa mara kumi na moja, Khattab, na hata ukelele wa kufa haukuwa wake."



Lakini ami hakukubali kushindwa. "Mdomo umetikisika. Sauti ya mtu mwengine, sawa, lakini neno kalitamka."

Hapo nikaichukua ile simu mkononi mwake. Nikazima sauti. Nikaangalia tena, polepole. Kisha nikalitamka lile neno mwenyewe, maana mimi sina mume na talaka si yangu kutoa.

Taliq.

Lijaribu hapo ulipo. Midomo haigusani.

Ya babu iligusana. Kila neno, mara tatu, midomo inafunga kabisa.

"Ami," nikasema, "hebu litamke wewe, tukuangalie midomo."

Akafungua kinywa. Akamtupia jicho mkewe.

"Wee! Thubutu!" Hamda akaruka.

"Ni mfano tu, ami. Mchezo."

"Talaka haina mch..." Akaishia hapo. Uso ulimwiva.

Bibi akaweka tasbihi chini. "Na baba yako alimuogopa Mungu kuliko wewe. Aliambiwa alitamke, akakataa kulitamka mbele yangu."

"Sasa alisema nini?" nikauliza.

"Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Taa kali, watu wote wananikodolea. Nikasahau hata kuvuta pumzi. Yeye katoa macho vile vile, kidole vile vile, akaniambia kwa Kiswahili: Pumua. Pumua. Pumua."

Nikarudisha mwanzo. Yarabi! Midomo ile ile.

Bibi akaomba simu. Akaangalia bila sauti. Mume wake kijana, kakasirika kweli kweli, anamwambia apumue. Na bibi, ambaye tangu mazikoni hakutoa hata chozi, akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio.

Siku ya tatu baba alisimama kwenye mstari. Ami Khattab aliifuta ile video. Samahani hakuomba, si kwa bibi, si kwa baba.

Ndugu msomaji, ukiletewa video ya mtu, kwanza uliza sauti imetiwa na nani, na aliyekuletea anataka nini.

Na msinisihi nisamehe. Nikikutana na ami natoa shikamoo kama kawaida, kwa adabu, mbele za watu. Lakini ni midomo tu inayotikisika.