Safari Zote Zimeahirishwa

Neno lile nililitoa mimi. Watu wakiusimulia mgomo ule husema kampuni ilifanya hivi, meneja akafanya vile, nami huitikia tu, kwa kuwa ni rahisi kumtupia lawama mtu wa bara aliyekuja na sanduku lake na akaondoka nalo. Lakini neno lilikuwa langu.

Wakati huo nilikuwa nikikata tiketi katika ofisi moja ya mabasi ya kwenda Nairobi, hapo Changamwe. Asubuhi hiyo wenye mabasi na matatu waligoma, na tajiri wetu alikuwa mmoja wao. Magari yetu yalikuwa mazima, yamepangwa uani, madereva wamejilaza ndani yake. Meneja akanipa kalamu niandike kwenye ubao mweupe uliokuwa nje.

"Andika safari zimekanseliwa," akasema.

Nikacheka. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Kiswahili nimekinyonya, na "kanseliwa" ile ilinikwaruza kama kokoto kwenye wali. Nikamwambia sema "zimefutwa." Akashtuka. Akaigeuza tiketi akanionyesha maandishi ya nyuma, madogo lakini yanayosomeka: safari ikifutwa na kampuni, abiria atarudishiwa nauli yake yote.

"Zikifutwa tumekwisha," akasema. "Hakuna neno lingine, wewe mtu wa Pwani?"

Lilikuwapo. Nilimpa papo hapo, kama mtu aliyetegewa kitendawili anachokijua tangu utotoni. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kusifiwa: SAFARI ZOTE ZIMEAHIRISHWA. Meneja akaupiga picha ubao na kuituma picha kwa ofisi zao nyingine. Akaniita profesa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa dirishani wakidai nauli zao. Kila mmoja nilimwambia yale yale: haikufutwa, imeahirishwa, tiketi yako iweke vizuri, mgomo ukiisha utasafiri nayo. Wengi walinyamaza. Neno zuri hunyamazisha watu kuliko askari, na mimi siku hiyo nililiona kwa macho yangu.

Kisha akafika dirishani mwalimu wangu. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili shule ya msingi, na mwandiko ule uliokuwa ubaoni ulikuwa wake. Aliutia mikononi mwangu kwa rula, akinigonga vidole kila herufi zilipolala. Alikuwa amekwisha kustaafu. Alikuja kwa bodaboda kutoka Mtopanga, njia yote ile, begi kalipakata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

Akanieleza taratibu, kama anayesomesha. Presha ya macho ilikuwa imeshachukua jicho la kushoto. La kulia lingepasuliwa kesho asubuhi Nairobi, na daktari mwenyewe ni mgeni, yupo wiki hiyo tu. Nafasi ile aliingojea tangu mwaka uliopita. Treni haikugoma. Nikimrudishia nauli sasa hivi, ataiwahi ya alasiri pale Miritini.

"Sitaki cha mtu," akasema. "Nataka changu."

Nikamwambia yale yale. Akageuka, akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa, akasoma herufi moja moja kwa jicho lake lililobaki. Akarudi.

"Mwandiko naujua. Neno ndilo linalonishinda. Kuahirisha jambo ni kuliweka hadi siku nyingine inayojulikana. Siku gani, mwanangu?"

"Haijulikani, mwalimu."

"Basi hiyo imefutwa."

Foleni nzima ilisikia. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia pumzi zake. Nikimlipa mmoja, nitawalipa wote, na kazi nimeiaga. Nikainua kichwa nikasema, "Imeahirishwa, mwalimu." Nilisema kwa sauti iliyonyooka, ile aliyonizoeza ya kusoma mbele ya darasa.

Hakugomba. Aliikunja tiketi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaondoka akipapasa ukuta kwa kiganja.

Sasa lipo jambo ambalo watu siwaambii. Nilikuwa na pesa zangu kwenye simu, za kutosha treni na chai ya njiani. Ningeweza kuzunguka mlango wa nyuma nikamkimbilia. Sikufanya hivyo, wala si kwamba niliogopa kazi. Nilikuwa nimekasirika. Alikuwa amenisahihisha mbele za watu, na mimi nilitaka kumshinda. Adhana ya alasiri ilipotoka ndipo nilipokumbuka treni, nayo ilikuwa imeshaondoka. Nimewachukia watu wengi maishani, lakini hakuna ninayemchukia kama yule mwanamke aliyekuwa akikata tiketi dirishani siku ile.

Mgomo uliisha siku chache baadaye. Meneja alipandishwa cheo, akapelekwa tawi kubwa zaidi. Mimi niliacha kazi, lakini nilikawia, na kuacha kazi kwa kukawia si ushujaa.

Kwenda Mtopanga kulinichukua miezi. Nilijidanganya kwamba nauza vitu, kwamba nina homa, kwamba mvua. Siku niliyokwenda nilitia nauli yake ndani ya bahasha, kutoka mfukoni mwangu. Nilimkuta barazani kwake juu ya mkeka, redio kando. Nilipobisha hodi aligeuza uso, akauelekeza kushoto kwangu kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikajua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Sauti yangu aliitambua mara moja. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa tiketi ile ile, imelainika kwa kushikwa. "Umekuja vizuri. Nisomee nyuma."

Nikamsomea. Safari ikifutwa na kampuni, abiria atarudishiwa nauli yake yote.

"Siku ile sheria hiyo ulikuwa waijua?"

"Nilikuwa naijua, mwalimu."

Akatikisa kichwa. Bahasha ilikuwa bado mkononi mwangu, na sikuthubutu kuinyoosha. Yeye alinyoosha kiganja kuipokea tiketi yake.

"Na matamshi yako bado ni safi," akasema. "Nilikufundisha vizuri."