Shangazi Yake Komamanga

Alhamisi iliyopita, chai ikiwa bado jikoni, nilipigiwa simu na mke wa rafiki yangu mmoja mzee. Hakuzungusha maneno. "Mwanangu, mzee wako ametutangulia. Alilala, hakuamka." Nilizima jiko, nikakaa, na sitawaficha, nililia. Wengi wenu, wasomaji wangu, hamkumjua marehemu kwa jina, lakini waliopita Bamburi kabla barabara haijapanuliwa huenda walinunua kwake mche wa mlangilangi au wa mndimu. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli mpaka alipostaafu, kisha akafungua kitalu chake cha miche kando ya barabara. Nilikwenda pale kununua mlimau, nikarudi na malumbano yaliyodumu miaka.

Malumbano yalihusu mti mmoja uliokaa nyuma kabisa ya kitalu, ndani ya pipa lililokatwa nusu. Ulikuwa umechanua maua ya rangi ya waridi, mazuri ajabu. Nikamwuliza bei, akasema hauuzwi. Mgeni mmoja wa hotelini, msomi wa mimea, ndiye aliyempa mbegu tatu. Mbili zilioza, ya tatu ikawa mti ule. Asili yake ni Sokotra, kisiwa kile cha mbali huko mbele ya Usomali, na hakuna pengine duniani unapoota wenyewe. Ni jamaa ya mkomamanga, na kosa lake mzee, kwa kauli yake mwenyewe, ni kulitaja jina hilo mbele ya wateja. Mtu wa Pwani akisikia komamanga hafikirii ua. Anafikiria punje nyekundu, na maganda ya kutibu tumbo. Kila aliyepita akawa anauliza mti unazaa lini, nami nikauliza vilevile. Akanitazama kwa huruma. "Bwana mwandishi, wataka matunda nenda sokoni Marikiti, yamejaa tele. Huyu si komamanga, ni shangazi yake komamanga. Na shangazi haombwi maziwa."

Barabara ilipopanuliwa, wenye vitalu walitakiwa kuhama. Miche mingine aliiuza, lakini pipa lile hakuwa na pa kulipeleka, maana yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba kimoja Mikindani. Asubuhi moja nikasikia tuktuk inaguna mlangoni kwangu Mishomoroni. Mzee amekaa nyuma, amelikumbatia pipa kwa mikono miwili. "Niwekee," akasema. "Vipande vyote nilivyojaribu kuotesha vimekauka. Ukifa huu mimi sina mwengine, wala sijui alo nao." Tukachimba shimo uani, tukaupanda. Tangu siku hiyo kila Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na shati lake la ibada, akavuta kigoda na kuketi karibu nao mpaka mke wangu amletee chai. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Nililijua hilo bila kuambiwa, kama tunavyojua mambo mengi ya watu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mti ulichanua miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka maua yakapukutika bila kuacha tunda. Mimi nikaona nimpe mzee zawadi ya mbegu, ili mti wake usiwe peke yake. Na nyinyi mnaijua mila yetu: mti usiozaa hutishwa. Mmoja hushika panga na kuapa kuukata, mwingine huusimamia na kuuombea msamaha. Nikamwita jirani yangu awe mtetezi. "Zaa, ama nakuangusha leo hii!" nikanguruma. "Msamehe bwana," jirani akalia, "mwakani atazaa, wallahi namdhamini mimi!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na katika kucheka huko nikaushushia mapanga matatu ya kweli, la tatu likazama.

Wiki haikuisha, majani yakaanza kunyauka. Jumapili mzee akafika, akapapasa majeraha kwa kidole, akauliza ni nani. Nikasema ni watoto wa mtaani. Mtu mzima, ninayewahubiria nyinyi ukweli kila wiki! Aliomba maji, akachanganya udongo na samadi, akaupaka mti na kuufunga kwa kipande cha leso. Miezi miwili alikuja kila siku badala ya kila Jumapili, kutoka Mikindani, na magoti yake yale mabovu. Nami kila siku nikimpokea nilitamani ardhi inimeze. Siku machipukizi mapya yalipotokeza, alinigeukia akitabasamu. "Bwana, hapa mtaani kwenu mtoto gani akataye kwa mkono wa kushoto?" Mimi ni wa mkono wa kushoto, majeraha ya mti yalielekea hivyo, na kwenye chai yetu alikuwa ameniona mara mia. Nikamwomba radhi, nikigugumia. "Nalijua siku ile ile," akasema. "Nalikuwa nangoja useme mwenyewe. Kumbe nawe wachelewa kuzaa."

Tangu hapo naliona panga kila mahali. Kibarua wa kiwandani anaambiwa kwamba nje ya geti wamejaa wanaoitaka kazi yake. Mtoto anaambiwa akifeli mtihani asirudi nyumbani. Tumeamini kwamba woga ni mbolea, na pale unapotoa tunda moja tunalionyesha kwa majirani, jeraha tukalifunika. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mzee wangu alinishinda kwa kuwa alivumilia bila kuingoja mbivu yoyote. Mti umepona na unachanua. Hadi leo haujazaa, na sijui kama utazaa.

Jumamosi tulimzika kwao, bara ya Kaloleni. Baada ya mazishi nilikwenda kuketi na mjane mkekani, nikamwamkia, nikamweleza habari za lile panga, kwa sababu sikutaka kubaki nazo. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka. Mumewe alikuwa amemsimulia yote zamani.

"Panga mimi nalijua, mwanangu," akasema. "Mwaka wa pili wa ndoa mamake mume wangu alinishikia. Dada zake wakanishikia. Nizae ama nirudi kwetu, na hapana aliyesimama kuniombea ila yeye. Jioni akitoka kazini aniletea ua moja la bustani, aniwekea mezani, aniuliza: leo umeshindaje? Miaka arubaini na miwili. Hata siku moja hakuniuliza swali jengine."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka walipotuletea uji. Nyinyi ninalo moja la kuwaambia. Katika nyumba utakayorudi leo yumo mtu unayemsubiri atoe kitu: mtoto, cheti, mshahara, mjukuu. Anajua unasubiri. Weka panga chini, umuulize ameshindaje.