Gari Lililosafishwa Kupita Kiasi

Mdogo wangu alitiwa mahabusu kwa sababu gari lake lilikuwa safi mno.

Na aliyelisafisha ni mimi.

Ngoja niwasimulie, japo hata kuandika naona aibu.

Mimi nilikuwa mtu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kupima damu na alama za vidole kwenye kesi za polisi. Basi jioni moja dogo akaingia kwangu mbio.

"Kaka, nimegonga mbwa. Njoo uone."

Bampa limebonyea, damu imetapakaa.

"Mbwa kweli?"

"Haki ya Mungu, kaka."

Sikumwamini. Dogo zamani alikuwa mtu wa chupa, na redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mama mmoja kagongwa barabara ileile, dereva katoka nduki.

"Nenda kaoge," nikamwambia. "Hili niachie mimi."

Weee! Nikaleta dawa zangu za kazini. Nikasugua bampa, taa, matairi, mpaka uvunguni. Nikafuta usukani, vitasa, mikanda. Vitambaa nikavichoma. Nikajipongeza kwamba hapa hata mimi mwenyewe nisingepata kitu.

Asubuhi polisi hao. Jirani alikuwa ameiona ile damu.

Aliyekuja kupima ni binti niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu. Akapima wee, kisha akanivuta pembeni.

"Bosi, mdogo wako analiendesha hili gari kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hata alama ya kidole chake haimo?"



"Nani mwingine anajua kusafisha hivi, bosi?" Aliuliza akiangalia chini. Alikuwa ananionea aibu.

Nikaropoka yote. Kwamba dogo alisema ni mbwa, na mimi nikafuta.

"Sasa si ungeiacha? Damu ya mbwa na ya mtu tunazitofautisha chap chap. Wewe ndiye ulinifundisha!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na mzoga wa mbwa ulishazolewa barabarani na gari la taka. Dogo akatiwa pingu mbele ya wanangu, hana cha kujitetea.

Alitoka pale tu yule mama alipozinduka hospitali. Akasema aligongwa na lori.

Yaani kweli alikuwa mbwa.

Kazi imeota mbawa, na kesi ya kuharibu ushahidi inaniandama. Hayo nimeyataka mwenyewe. Nilipomfuata dogo kumwomba radhi, alinijibu kwa upole:

"Nimekusamehe, kaka. Ila polisi walinishuku tu. Wewe ulikuwa umeshanihukumu."

Sikuweza kumtazama usoni.

Ndugu zangu, mkiniuliza kama mwenye akili anaweza kuficha ushahidi, mimi niliufuta wote, kumbe ndio ungemwokoa mdogo wangu. Mtu wako akikueleza jambo, msikilize kwanza. Ujanja wako uweke kando.