Fundi Aliyekataa Vigae

Fundi wa vigae utamjua kwa magoti yake. Ya huyu yalikuwa na sugu nene nyeusi, kama visigino vya mtu mwingine vilivyopandishwa juu kwa makosa, na suruali zake zote zilitoboka hapo kabla ya kuchakaa mahali pengine. Mji mzima ulimwita Pimamaji, kwa jina la kile chombo chenye tone la hewa ambacho mafundi hukilaza juu ya kazi kuona kama imekaa sawa. Watu walisema yeye chombo hicho hakihitaji. Akiinama, shavu likakaribia ardhi, akafumba jicho moja, yamekwisha. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa ametandika vigae kwenye benki, kwenye maduka ya dawa, kwenye vyoo vya watu ambao wasingemkaribisha sebuleni kunywa maji.

Ndiyo maana siku aliyosema nyumba ya mama yake imwagwe saruji tupu, ndugu zake walidhani anatania.

Walikuwa watatu tumbo moja. Yeye wa kwanza. Anayemfuata ni dada yake, mwalimu wa darasa la tatu, aliyeishi na mama katika nyumba hiyo hiyo waliyozaliwa. Wa mwisho ni dereva wa malori ya safari ndefu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya wiki tatu. Paa lilikwisha kubadilishwa, kuta zimepigwa rangi, ikabaki sakafu. Sakafu yenyewe aliimwaga marehemu baba yao kwa mikono yake, na kwa miaka mingi ilikuwa nzuri, lakini maji ya paa bovu yaliingia chini, udongo ukatitia, ukazuka ufa kwenye ujia unaotoka chumbani kwa mama kwenda bafuni. Ufa huo ndio uliomkwaza mama wiki sita zilizopita. Sasa alikaa kwenye kochi, mkono wa kushoto ndani ya plasta, fimbo imeegemea goti lake.

"Saruji?" dereva alisema. "Braza, si saruji hiyo hiyo iliyomwangusha Mama?"

"Hiyo ni mbovu. Nitamwaga nyingine, niisugue mpaka ujione sura."

"Watu baki unawawekea vigae mpaka kwenye kibanda cha mbwa. Mama yako saruji!"

"Kinyozi hajinyoi," alisema dada yake.

"Hajinyoi, sawa. Lakini hata mama yake hamnyoi?"

Mama alicheka, halafu akashika mkono wake kwa maumivu. Pimamaji hakucheka. Alisema vigae vinateleza. Wakamwambia vipo visivyoteleza, yeye mwenyewe huwashauri watu hivyo. Akasema vina baridi. Wakamwambia mama huvaa ndara hata akiwa kitandani. Mwishowe akapandisha sauti, jambo ambalo si lake: "Basi tafuteni fundi mwingine!" Dereva akamtazama kaka yake kama mtu aliyekuta mlango wa kwao umebadilishwa kufuli.

"Hutaki kumfanyia Mama kazi ya bure," akasema. "Sema tu."

Wengine wangeyasema hayo kwa kunong'ona, na Pimamaji asingeyapata. Lakini huyu kitinda mimba, tangu azaliwe, hajawahi kusema neno polepole, na kazi ya kupiga kelele kushinda injini ilikuwa imemkamilisha. Neno likafika lote.

Ukweli ulikuwa huu. Kazi ya vigae ina siri moja, nayo iko chini. Kigae kinaweza kulala sawasawa, viungo vimenyooka kama mstari wa daftari, kumbe upande mmoja gundi haikushika na chini kuna uwazi. Kwa macho huoni kitu. Kitakaa mwezi, kitakaa mwaka, mpaka siku mtu atakapokiwekea mguu wa meza, kipasuke, ukingo usimame kama meno. Dawa yake ni moja. Ukishatandika, unageuza mwiko, unagonga kila kigae kwa mpini wake. Kilichoshiba hutoa sauti fupi, nzito. Chenye njaa hulia kama debe. Pimamaji alizoea kuwaambia waliokuja kujifunza kwake: "Jicho linaona juu. Sikio ndilo linaloona chini."

Na masikio yake yalikuwa yamekwenda. Mashine ya kukatia vigae ilikuwa imemlilia ubavuni miaka yote hiyo, naye hakuwahi kuyaziba, kwa sababu sikio lililozibwa halisikii kazi. Sauti za ndege zilianza kuondoka. Ikafuata ya bomba linalovuja, zikafuata za wajukuu. Hakumwambia mtu. Watu walipomsemesha alitazama midomo yao, akacheka walipocheka, na nyumbani kwake wakasema mzee amekuwa mpole siku hizi.

Kisha, mwaka mmoja uliopita, mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimwita kwenye kibaraza alichokitandika miezi mitatu nyuma. Vigae viwili vilikuwa vimepasuka. Mstaafu aliinama kwa taabu, akatoa sarafu mfukoni, akagonga kimoja, akagonga kingine. "Unasikia tofauti, Fundi?" Pimamaji akatikisa kichwa, ndiyo, nasikia. Hakusikia kitu. Alivirudia vigae vile, akaisingizia gundi, akaondoka. Tangu siku hiyo aliendelea kugonga kila sakafu kwa mpini wa mwiko, kigae kwa kigae, wenye nyumba wakimtazama, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Kwa watu baki alifumba macho. Kwa mama yake, mwenye mifupa kama vijiti vya kiberiti, alishindwa.

Asubuhi iliyofuata, ikiwa Jumamosi, dada yake alimvuta mpaka dukani. "Tuangalie tu," alisema. "Kuangalia hakuozeshi meno." Duka lilikuwa refu, limejaa vumbi jeupe, vigae vimesimamishwa ukutani kama vitabu. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Leo Pimamaji ananunua vya kwake! Mwalimu, huyu kwangu hana mjadala. Akisema kibovu, narudisha kiwandani."

Wakaonyeshwa vyeupe vinavyong'aa. Pimamaji akasema hivyo ni barafu. Wakaonyeshwa vyenye mchoro wa mbao. Akasema mbao ikitaka kuwa mbao iende porini. Dada yake akasimama mbele ya vya kijivu, vyenye mikwaruzo midogo inayoshika nyayo. Vilikuwa vizuri, na yeye alijua ni vizuri. Muuzaji akachomoa kimoja, akampa. "Kisikilize mwenyewe, Fundi."

Hiyo nayo ni desturi ya kazi: kigae unakining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa wa ndani hukoroma. Pimamaji alikining'iniza, akakigonga mara tatu, akainamisha kichwa vile alivyokuwa akifanya zamani.

"Safi," akasema.

Akainua macho, akaona uso wa muuzaji. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Dada yake alikuwa ameacha kupangusa vumbi kwenye mikono.

"Hiki... nikupe kingine, Fundi," alisema muuzaji taratibu, akakichukua kile kigae kama mtu anayechukua glasi mkononi mwa mgonjwa. "Hiki kimekoroma."

Walitoka na vigae vitatu vya mfano ndani ya mfuko. Barabara ilikuwa tulivu wakati huo wa mchana. Pimamaji alitangulia hatua tano, sita. Dada yake alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, na kila mwaka anaye mtoto mmoja nyuma ya darasa anayejibu akiwa amechelewa, anayewatazama wenzake kwanza ndipo acheke. Njia ya kumpima ni kusimama mgongoni kwake. Akasimama.

"Kaka," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Nyumba ya Mama inaungua."

Aliendelea kutembea.

"Kaka. Mama amefariki."

Aliendelea kutembea, mfuko ukimgonga paja, mpaka alipogundua kivuli cha dada yake hakipo pembeni. Aligeuka akamkuta amesimama katikati ya njia, machozi yanamtiririka, mkono umeziba mdomo.

"Nini?" aliuliza. "Umesema nini?"

Dada yake akamfikia, akamshika shati kifuani kama wanavyoshikana watoto. Mdomo aliuweka mbele ya macho yake. "Tangu lini?"

Pimamaji alitaka kuuliza tangu lini nini. Hakuweza. Alitazama mfuko wa vigae. "Kama mwaka na nusu," akasema. "Usimwambie Mama."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine hakingojwi hata kifo, linatosha duka la vigae. Walipofika nyumbani mama aliwatazama mara moja tu, yule mwenye macho mekundu na yule mwenye mabega yaliyoshuka, akamwambia mwanawe aje akae mbele yake. Alisema polepole, akifungua mdomo vizuri, na hapo Pimamaji akaelewa kwamba mama alikuwa na mazoea ya kufanya hivyo.

"Mwaka mzima nazungumza na kisogo chako, baba. Nakuita uko pale mlangoni, unatoka zako. Mwanzoni nilidhani nimekukosea, kumbe ni masikio."

"Hapana, Mama."

"Nilimuuliza mpaka mdogo wako, nimemkosea nini kaka yako."

Dereva, aliyekuwa ameegemea mlango, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kitu kwa sauti ndogo, na ikabidi arudie. "Nisamehe, Braza. Lile la kazi ya bure."

"Lete hivyo vigae," mama akasema.

Wakavilaza chini vyote vitatu. Mama akavua ndara, akasimama juu ya kimoja baada ya kingine, kitinda mimba akimshika kiunoni. Kwenye cheupe vidole vyake vilijikunja. Kwenye cha mbao alisita. Kwenye cha kijivu alijizungusha, akagonga fimbo, akashuka.

"Hiki. Kibaya kwa sura, lakini kinanishika."

"Nitakutafutia fundi mzuri," Pimamaji alisema. "Yupo mmoja nilimfundisha mwenyewe."

"Mikono yako nayo imekuwa viziwi?"

"Mama, sisikii kama kimeshika."

"Mimi nasikia," dada yake alisema. Alikuwa mgongoni kwake tena, kwa mazoea, ikabidi azunguke aje mbele. "Wewe tandika. Mimi nikitoka shule nitagonga."

Ndivyo walivyofanya. Dereva alivunja sakafu ya baba, na alipofika kwenye kona iliyokuwa na alama ya kiganja cha marehemu alikiacha kipande hicho, wakakiweka chini ya mti nyuma ya nyumba. Aliushindilia udongo, akamwaga zege, wakalingoja likauke. Kisha Pimamaji akapiga magoti, akavuta uzi, akaanza. Siku ya kwanza alitandika arobaini. Jioni dada yake alikuja na nguo zake za shule, akavua viatu, akachukua mwiko na kipande cha chaki, akaenda mstari kwa mstari kama anayesahihisha madaftari. Kilichoshiba alikipa alama ya vema. Chenye njaa alikipa mkasi, ile alama ya kukosa.

Mikasi ilikuwa tisa.

Pimamaji alivihesabu vigae hivyo mara mbili. Akaking'oa cha kwanza kabla gundi haijakauka, akakigeuza. Kweli: kwenye kona moja mistari ya gundi ilisimama vile vile ilivyochorwa na mwiko, haikuguswa. Dada yake alitaka kusema kitu cha kumpoza, akaona afadhali amletee maji. Siku ya pili mikasi ilikuwa minne. Alipunguza mwendo, akaanza kupaka gundi nyuma ya kila kigae pia, akakibonyeza kwa viganja vyote viwili mpaka akahisi kinakaa. Siku ya nne mama alipita ujia mzima kwenda bafuni na kurudi, peke yake, fimbo ikigonga sakafu. Pimamaji alisimama mwisho wa ujia akiitazama fimbo inavyopanda na kushuka, na kila iliposhuka aliutazama uso wa dada yake. Uso ulibaki ukitabasamu.

Dereva akampiga begani. "Umeona? Mikasi hakuna. Bado ni Pimamaji!"

Lakini mawazo yake hayakuwa hapo. Tisa kati ya arobaini, ndiyo hesabu iliyokuwa ikimzunguka. Nyumba ngapi kwa mwaka na nusu? Nyingine zingevumilia. Uliomkosesha usingizi ni mmoja tu: ujia wa wodi ya wazazi, mrefu, alioutandika wiki chache baada ya ile sarafu ya mstaafu. Wanawake waliofikwa na uchungu huutembea wakienda na kurudi, mkono mmoja ukutani, miguu mitupu, macho yamefumba.

Aliwaambia wakiwa mezani. Dereva akaacha kutafuna.

"Umepasuka? Kuna aliyelalamika? Basi nyamaza. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Ukienda kusema, Braza, jina limekwisha. Nani atakupa kazi?"

"Anasema kweli," alisema dada yake, akimtazama usoni ili amwone vizuri. "Watakuuliza ulijua tangu lini."

"Najua."

"Utawajibu nini?"

Alizungusha kikombe chake juu ya meza. Mama alikuwa anatazama mkono wake wenye plasta.

"Kesho unatoka shule saa ngapi?" Pimamaji akauliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, kama inavyotokea kwa watu wasioisikia sauti yao, na nyumba yote ikaisikia.

"Saa tisa."

"Pitia hospitali. Nitakuwa pale langoni." Akasukuma kikombe kando. "Uje na chaki. Uje nayo nyingi."