Kati ya Honorable na Honoraire

Jumanne, kwenye dirisha la ofisi ya serikali ya komine, redio ya karani ilitangaza kwamba Waingereza wamewapa wanasiasa wao wanaostaafu cheo cha Lodi, pamoja na kiti katika seneti yao. Papo hapo mzee mmoja wa suti, aliyewahi kuwa mbunge wetu, akaipita foleni yetu yote, akasukuma karatasi chini ya kioo na kukigonga kwa pete.

"Umesikia? Hata mimi, kutoka bungeni si kutoka. Niko Honorable, Mheshimiwa!"

Karani akaisoma karatasi ya mzee polepole. "Papa, hapa waliandika honoraire. Honoraire, ni mutu alishamaliza kazi. Bon, rudia ku mulongo."

Pete ikagonga tena, kwa nguvu. Polisi wa mlangoni akainuka. Karani akashika pazia la dirisha, tayari kutufungia sote.

Mama muuza mboga ya pondu aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Papa, siku ile ulikuja Lubunga kuomba kura, ulipanga mulongo ya pirogue ya kuvuka mto pamoja na sisi. Hukukuwa bado Honorable."

Mzee akatutazama, akavua pete, akaja mwisho wa foleni, nyuma yangu.

Waingereza humpa anayestaafu mahali pa kukaa. Sisi tulimwonyesha pa kusimama.